Kati ya Premio Mbili, Nichukue Ipi?

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu, naishi Ipagala jijini Dodoma na ninafundisha wilayani Chamwino, katika shule ambayo huwezi kuifikia bila kuiacha lami na kupita barabara ya vumbi. Nimeonyeshwa gari mbili aina ya Toyota Premio za mwaka 2004. Ya kwanza iko kwa dalali, ina injini ya cc 2,000 yenye maandishi ya D-4, rangi yake inang'aa na dashibodi inasoma kilomita 68,000. Ya pili ni ya jirani yangu, ina cc 1,500, imetembea kilomita 171,000, bampa lake lina mikwaruzo, na bei yake imeizidi ya kwanza kwa shilingi milioni moja. Akiba yangu inatosha gari moja tu. Nichukue ipi?

JIBU: Mwalimu, kwa safari zako ningeanza na gari la jirani, na wala nisingeliacha kwa ajili ya mikwaruzo au hiyo milioni moja. Sababu kubwa ni injini. D-4 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa mgandamizo mkubwa, tofauti na injini za kawaida ambamo petroli hukutana na hewa kabla ya kuingia kwenye silinda. Kwa hiyo pampu na nozeli zake hazivumilii mafuta machafu, na kwa kuwa petroli haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa, masizi hujijenga hapo polepole hadi gari linaanza kutetemeka likiwa limesimama. Mwenye fundi aliyeizoea na fedha ya vipuri anaweza kuishi nayo vizuri. Mwalimu anayejaza mafuta kwenye kituo chochote kilicho karibu, sidhani.

Injini ya cc 1,500 ni 1NZ-FE, ambayo utaikuta pia katika Toyota IST na Corolla nyingi za miaka hiyo, na ndiyo maana vipuri vyake havisumbui na mafundi wengi wanaijua. Inatumia mnyororo wa taiming (unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni) badala ya mkanda, lakini mnyororo huo hudumu kwa oili safi, hivyo muulize jirani alikuwa akibadilisha oili kila baada ya kilomita ngapi na kwa fundi gani, kisha umwendee fundi huyo. Uhakikishe pia kwamba injini haikubadilishwa: katika Premio za umbo hilo, namba ya chesisi ya cc 1,500 huanza na NZT240, ya cc 1,800 na ZZT240, na ya cc 2,000 na AZT240.

Kuhusu zile kilomita 68,000, gawanya kwa umri wa gari uone kama hesabu inakubalika. Kisha tazama usukani, pedali ya breki na kiti cha dereva, kwa sababu dashibodi hurudishwa nyuma kwa dakika chache lakini mpira wa pedali uliolika haujirudishi. Wengi wetu hukimbilia gari la namba D au E tukidhani ni jipya zaidi, ilhali namba hiyo inaeleza lini gari lilisajiliwa nchini, si lini lilitengenezwa.

Jambo ninalokusihi kuliko yote ni kuliona gari likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa. Mimi niliwahi kuonyeshwa gari saa sita mchana, injini ikiwa tayari imepashwa moto, nikalisifia kwa utulivu wake. Asubuhi ya kwanza nyumbani kwangu liligonga kama kinu. Nenda kwa jirani alfajiri, ushike boneti uhakikishe ni ya baridi, ndipo aliwashe mbele yako. Moshi wa bluu unamaanisha linakula oili. Kabla halijawashwa, fungua kifuniko cha rejeta: maji yenye kutu yanaonyesha kwamba kwa muda mrefu limetiwa maji ya bomba badala ya kulanti (kimiminika maalumu cha kupoza injini), na kwa jua letu la Oktoba na Novemba hilo si jambo dogo. Ute wa rangi ya maziwa kwenye kifuniko cha oili, dalili kwamba huenda maji yamechanganyika na oili, ni sababu ya kuondoka mara moja.

Kwa kuwa unapita kwenye vumbi, toa filta ya hewa uitazame, halafu gari liingizwe kwenye shimo la gereji ili fundi wako, si wa muuzaji, akague sampu (bakuli la oili chini ya injini), shokapu, bushi na mipira ya ekseli za mbele. Liendeshe walau nusu saa, sehemu ya safari ikiwa kwenye barabara yako ya shule. Matairi yana tarehe yake ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Mwisho ni karatasi. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, namba ya chesisi ilingane na iliyogongwa kwenye bodi, na faini za trafiki zinazodaiwa zilipwe kabla hujatoa fedha. Andikeni mkataba mbele ya wakili, ulipe kupitia benki, na muende TRA kuhamisha umiliki wiki hiyo hiyo, hata kama muuzaji ni jirani mnayesalimiana kila siku.