Kolaji zako za picha za zamani: shida iko kwenye kiungo

Mkuu, umeuliza kwa nini kolaji, yaani picha unazotunga kwa kukata na kubandika vipande vya majarida ya zamani, zinaonekana viraka vitupu, ilhali za wenzako zinakaa kama ndoto. Nimeziangalia zote tatu ulizoweka. Mawazo unayo, tena yamezidi. Kinachokuangusha ni viungo, pale kipande kimoja kinapokutana na kingine.

Nami nilihangaika hivyo hivyo karibu miaka miwili. Nilikuwa nanunua majarida kwa wauza vitabu wanaopanga chini kule Posta, nakata kila kinachonivutia: kichwa cha samaki kwenye mwili wa askari, nyuma mlima, juu jicho kubwa. Vituko vinne kwenye karatasi moja. Watu walikuwa wakiangalia, wanacheka kidogo, wanapita.

Kilichonizindua ni kolaji za Max Ernst, yule msanii Mjerumani aliyehamia Paris. Kitabu chake cha mwaka 1934, Une semaine de bonté, kina picha 182, zote kazikata kwenye vitabu vya karne ya 19, hasa riwaya za bei rahisi. Michoro ya vitabu vile ilichongwa kwenye mbao ndipo ikachapwa, kwa hiyo haina kijivu hata chembe: kivuli chote ni mistari myeusi iliyosongamana. Ukikata kwa kufuata mstari na kuulaza juu ya mstari mwingine, jicho halipati pa kukwama. Bwana mzima kavaa kiheshima, kichwa cha simba, na wewe unakubali. Halafu kumbuka kwamba tunachokiona ni chapa ya kitabuni, si karatasi zenyewe zilizobandikwa. Kingo na tofauti za rangi ya karatasi zilimezwa na uchapaji. Leo kazi hiyo unafanyiwa steshenari yoyote, ukitoa fotokopi ya kazi iliyokwisha.

Kwa hiyo usichanganye aina za uchapaji. Picha za magazeti ni nukta tupu. Zisogelee kwa kamera ya simu utaziona. Uso wenye nukta ndogo ukiuweka kwenye mwili uliokuzwa, nukta zikawa kama mbegu za ufuta, umejiumbua. Mchoro uende na mchoro, nukta ziende na nukta za ukubwa wake.

Baada ya hapo angalia mwanga unatoka wapi. Niliwahi kutengeneza mama anayeshona kwa cherehani, na kitambaa kinachotoka upande wa pili ni bahari, juu yake jahazi. Wiki nzima ilinikataa, sijui kwa nini. Kumbe mama anaangazwa kutoka kushoto, jahazi kutoka kulia. Nikalipiga picha jahazi kwa simu, nikaligeuza, nikalichapisha upya, likatulia. (Ukigeuza, chunga maandishi. Nilishawahi kuacha kibao cha duka kinasomeka kinyumenyume, na kila aliyeiona picha alikiona kibao kwanza.) Chumba, meza na taa vya yule mama niliviacha vya kawaida kabisa. Bahari ndiyo inayotisha kwa sababu haina mshindani.

Usikate nakala halisi. Toa kopi, kata kopi, karatasi ya zamani irudi kwenye bahasha. Karatasi ya gazeti inageuka njano na kuvunjika ikipigwa jua, na ukurasa ule huenda usiupate tena. Ila kopi iwe ya tona, ule wino wa unga wa mashine za fotokopi; ya printa ya wino wa maji inachuja ukipaka gundi.

Kuhusu gundi nina kisa. Mwanzoni nilipika uji wa ngano kama tulivyofanya shuleni tukitengeneza tiara. Unashika vizuri tu. Msimu wa mvua nilikuta mende wamekula bahari yangu yote, wamebakisha cherehani. Siku hizi napaka gundi nyeupe ya maseremala, nyembamba sana, kwenye manila, kisha nalaza kipande kuanzia katikati kwenda kingoni na kugandamiza chini ya vitabu usiku kucha. Ikiwa nyingi, karatasi inavimba na kukunjamana. Na kata kwa wembe mpya. Mkasi unaacha kaukingo keupe.

Kuna atakayesema Wangechi Mutu, msanii wa kolaji mzaliwa wa Nairobi, haufichi mshono. Kweli. Alichukua kurasa za zamani za michoro ya tiba, michoro ya magonjwa ya wanawake, akabandika juu yake midomo na macho ya majarida ya mitindo, na kiungo kinaonekana waziwazi. Lakini pale mgongano wa karatasi mbili ndiyo kazi yenyewe: daktari anavyomtazama mwanamke na jarida linavyomtazama, uso kwa uso. Zako zimeachwa wazi kwa bahati mbaya, na inaonekana.

Anza na ile ya pili, bibi harusi mwenye kichwa cha feni. Ondoa mwezi, ondoa yule twiga, geuza feni mwanga ufuate gauni, toa fotokopi nyeusi na nyeupe, uirudishe hapa tuione.