Iksora fupi: wekeni mkasi chini, tazameni udongo

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu iksora fupi, kile kichaka cha maua chenye majani mabichi mwaka mzima kinachopandwa ukingoni mwa njia au mbele ya baraza. Nimeyaweka pamoja kwa sababu wengi wenu mnahangaika na dawa ya kunyunyizia majani, ilhali kosa lilifanyika siku ya kuchimba shimo.

Majani machanga ya iksora zangu yamekuwa manjano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani. Nimeongeza samadi ya kuku na majivu mara mbili, lakini hali inazidi. Nimezipanda kandokando ya ukuta wa nyumba.

Ukuta na majivu, jibu umelitaja mwenyewe. Iksora ni ya ukoo mmoja na mbuni, na kama mbuni hupenda udongo wenye uchachu, pH ya 5 hadi 6 hivi (pH ni kipimo cha uchachu, na hupanda uchachu ukipungua). Saruji na lipu zina chokaa. Kila mvua ikinyesha, chokaa kidogo huoshwa ikaingia ardhini, na mafundi nao mara nyingi hufukia mabaki ya saruji papo hapo chini ya ukuta. Majivu ya kuni hufanya kazi ileile ya chokaa. pH ikipanda, madini ya chuma yamo udongoni lakini katika hali ambayo mzizi hauwezi kuyanyonya, na kwa kuwa chuma hakihami kutoka jani kuukuu kwenda jani changa, njano huanzia juu kwenye machipukizi.

Acha majivu kuanzia leo. Samadi ya kuku nayo isimamishe, maana ina fosforasi nyingi, na fosforasi ikizidi huuzuia mmea kutumia chuma. Pima pH kabla hujanunua chochote. Mimea ikiwa bado midogo, ing'oe na udongo wake uihamishie umbali wa mita moja au zaidi kutoka ukutani. Ikiwa hilo haliwezekani, tafuta mbolea ya chuma ya udongo wenye chokaa; kwenye lebo yake huandikwa EDDHA. Chuma cha kawaida ukikimwaga kwenye udongo wa namna hiyo hufungwa upesi na fedha yako imepotea. Usitarajie majani yaliyokwisha kuwa manjano yarudi kijani yote. Tazama yatakayochipua baadaye.

Hukuuliza, lakini nalisema: madoa ya zambarau yakitokea kwenye majani ya chini, yale makuukuu, huo ni upungufu wa potasiamu. Kabla ya kutibu chochote, angalia kwanza ni jani la juu au la chini.

Je, itakua chini ya mwembe, kwenye kivuli cha kutwa?

Itaishi lakini haitachanua. Itafutie mahali penye jua la saa sita kwa siku au zaidi.

Niliambiwa ni iksora fupi, haitapita goti. Sasa imenifika kiunoni. Nimedanganywa?

Inawezekana hukudanganywa. Ufupi wa mmea maana yake ni kukua polepole na kuwa na pingili fupi. Hauna maana ya kuacha kukua kabisa. Iksora fupi nyingi hufika sentimita 60 hadi 90 zikiachwa zikue, kwa hiyo kiunoni ni kimo chake halali. Iksora ya kawaida hupita mita 2, na ukiona majani mapana na matawi yanayokimbilia juu, basi ndiyo uliyopewa. Kosa ninaloliona kila mara ni kupanda miche sentimita 20 kwa 20 ili bustani ionekane imejaa mwezi wa kwanza. Miaka miwili baadaye mimea inasongana, hewa haipiti, na mwenye nyumba anashika mkasi. Achia sentimita 45 hadi 60 kati ya mche na mche, na uvumilie.

Mbona iksora zangu hazitoi maua? Ni nzima, majani yanang'aa, na ninazikata vizuri kila wiki mbili zikae kama sanduku.

Umeyakata maua. Swali hili nimelijibu mara nyingi kiasi cha kuchoka, nami nitalijibu tena kwa sababu inaniuma kuona mmea mzuri hivi ukinyolewa kila wiki mbili. Iksora huchanua kwenye ncha za matawi. Unapopitisha mkasi juu kote, unaondoa ncha zote kwa pamoja. Mmea unachipua upya, na kabla kikonyo cha ua hakijatokea, mkasi umerudi. Zaidi ya hayo, kunyoa huko kunajaza majani kwenye ganda la nje tu, na ndani kunabaki vijiti vitupu visivyoona mwanga. Siku tawi moja likifa, unabaki na tundu lisiloziba.

Pogoa baada ya mkupuo wa maua kwisha. Ingiza mkono ndani ya kichaka, fuata tawi lililopita kimo mpaka linapogawanyika, ulikate hapo. Tawi moja moja. Kichaka kilichozeeka kipunguze kwa awamu tatu, kila awamu theluthi moja ya matawi makongwe. Anayetaka sanduku lenye pembe kali apande mmea mwingine.

Iksora yangu inakauka. Nifanye nini?

Sijui inamwagiliwaje, ina umri gani, imepandwa wapi, wala inakauka kuanzia wapi. Niandikie tena ukiyataja hayo. Ila kabla ya kuandika, fukua kidogo penye shina. Mche uliofukiwa zaidi ya ulivyokuwa kwenye kopo huoza shingo. Mizizi iliyojizungusha kama kamba ndani ya kopo na haikufumuliwa siku ya kupanda huendelea kujizungusha hivyo ardhini. Mizizi yenye vinundu ina minyoo fundo, yaani minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi, na hapo usirudishie iksora nyingine.

Majani yamepakwa kitu cheusi kama masizi, na sisimizi wamejaa. Nipulizie dawa ya ukungu?

Hapana. Huo weusi ni ukungu unaoota juu ya utamu unaotolewa na vidukari au wadudu gamba. Geuza jani utawaona. Sisimizi wanaufuata utamu huo na kuwalinda hao wadudu. Osha kwa maji yenye nguvu, kisha nyunyiza maji ya sabuni laini jioni, hasa chini ya majani, na urudie baada ya wiki. Dawa kali inaua pia wadudu wanaokula vidukari, na mwezi ujao vidukari watarudi wengi kuliko mwanzo.

Naweza kuotesha kwa vijiti?

Ndiyo, na ndiyo njia bora ya kupata mmea wenye kimo kilekile. Chagua tawi lisilo na ua, lililokomaa nusu: ukilikunja linapinda kidogo kabla ya kuvunjika. Kata sentimita 10 hadi 15, ondoa majani ya chini, lichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, penye kivuli chepesi, na ulifunike kwa plastiki inayopenyeza mwanga ili unyevu usitoke. Usilivute kila siku kuona kama limeota mizizi. Likianza kutoa jani jipya, subiri wiki mbili zaidi, ndipo ulihamishe.