Mizani, miayo na madafu: kwa wauguzi wapya wa dialisisi

Muuguzi anayehamia kwetu kutoka wodi ya kawaida huikodolea macho mashine, hii inayosafisha damu na kutoa maji ya ziada badala ya figo. Ina taa, ina namba, inapiga kelele ukichelewa kidogo. Msiihangaikie. Mwezi mmoja tu mtakuwa mmezijua kelele zake zote, hata mkiwa chumba cha chai. Kinachowaponyoka wageni ni ile mizani ya mlangoni.

Kilo moja iliyoongezeka tangu mgonjwa alipotoka mara ya mwisho ni lita moja ya maji. Kila mmoja ana uzito wake mkavu, yaani uzito wa mwili bila maji ya ziada, na saa nne za mashine ni za kumrudisha hapo. Mwaka wangu wa kwanza hapa Malindi nilimpokea mama mmoja, buibui zito la kutokea, mkoba begani. Foleni ilikuwa ndefu, nikampandisha mizani hivyo hivyo. Mara iliyotangulia alikuwa amepimwa na dera tu. Nikasoma kilo tatu na nusu zaidi, nikaiambia mashine itoe lita tatu na nusu.

Saa ya tatu akaanza kupiga miayo. Nikamtania, "Mama, jana ulikesha harusini?" Hakujibu. Kumpima presha, 70 kwa 40. Tukamlaza tukainua miguu, tukasimamisha utoaji wa maji, tukamrudishia dripu ya chumvi, na baada ya dakika chache akauliza kama ni adhuhuri tayari. Nilipovipima lile buibui na mkoba vilikuwa kilo mbili kasoro.

Tangu siku ile miayo naiogopa kuliko king'ora. Miayo, jasho la ghafla, misuli ya miguu kukaza, msemaji wa chumba kizima kunyamaza: hapo presha inashuka, nenda kapime usingoje zamu yake. Na hesabu ifanywe kabla ya kuanza. Kiasi cha kutoa kisizidi takriban mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Mtu wa kilo 60 kwa saa nne ni lita tatu na kidogo. Akija na lita tano, zungumza na daktari aongezewe muda au siku nyingine. Usimkamue.

Sasa hizo lita zinatoka wapi? Ukimwuliza mzee, "Umekunywa maji kiasi gani?" atakwambia hajayagusa, na hasemi uongo. Amekunywa uji, chai ya maziwa mara tatu, supu ya pweza, na amemumunya barafu. Mzee mmoja wa Kigiriama alinieleza kwa upole kabisa kwamba mnazi si maji. Mwamkie kwanza, shikamoo yake apate, halafu mfuate kwa saa: alfajiri ulitia nini kinywani? Saa nne je? Ulipotoka msikitini? Hapo hesabu hujitokeza yenyewe. Na uliza chumvi. Aliyekula ng'onda na achari ya embe lazima anywe, hata ukimfokea namna gani. Ukimkataza maji ukaiacha chumvi umefanya kazi bure.

Dafu ndilo gumu zaidi. Kwetu dafu ni dawa; anayekuja kumwona mgonjwa huja na mawili mkononi, yamekatwa tayari. Kwa figo zilizosimama, dafu ni potasiamu tupu, madini ambayo figo nzima huyatoa kwenye mkojo, na potasiamu ikipanda moyo unaweza kusimama bila dalili ya kutosha kukuonya. Ndizi, machungwa, tende, parachichi na embe kubwa zima vimo humo humo. Birimbi nalo lina oksalati nyingi, kemikali ambayo figo zilizosimama haziitoi, basi lisiwemo kabisa kwenye kachumbari yake. Viazi na mhogo vimenywe, vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, na maji hayo yamwagwe. Haya usimwambie mgonjwa peke yake. Mwambie mpishi. Mara nyingi mpishi ni binti au mkaza mwana anayemsubiri nje kwenye benchi, na hajawahi kuitwa ndani hata siku moja. Na usimalize kwa makatazo matupu: wali mweupe upo, kipande cha samaki mbichi aliyepikwa kwa ndimu kipo, kijipande cha nanasi kipo.

Habari ya Ramadhani ianze Shaaban. Ukingoja funga ya tano umechelewa. Mwache aseme na daktari wake na shehe wake. Ruhusa ya mgonjwa ipo na wengi wanaijua, wanachohitaji ni kuisikia kwa mtu wanayemheshimu. Hatari anayoibeba anayeshikilia kufunga ni ile saa moja baada ya magharibi: tende, dafu, sharubati na supu kwa mpigo.

Mkono wenye fistula, yaani vena iliyounganishwa na ateri ili tuichome sindano za mashine. Kwanza neno lenyewe: kuna mama wa makamo alilia nilipomwambia atatengenezewa fistula, kwa sababu alichosikia ni nasuri ya uzazi. Siku hizi nasema mshipa wa mashine. Uguse kila mara kabla ya kuchoma. Unatakiwa utetemeke kama ubavu wa boti injini ikiwa inawaka, na ukiweka stetoskopu usikie mvumo. Ukiwa kimya, usichome, piga simu, huenda umeziba na kila saa inahesabika. Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu, hauvalishwi bangili ya kubana. Mfundishe mwenyewe awakatalie hata maabara.

Wenye katheta ya shingoni, mpira uliotiwa kwenye mshipa mkubwa wa damu, ninawachunga zaidi. Barakoa wewe, barakoa yeye, na katheta hiyo si njia ya dripu wala ya kutolea damu ya vipimo vya wodini. Akianza kutetemeka kwa baridi nusu saa baada ya kuunganishwa, Malindi nzima itakwambia ni malaria. Pima malaria, sawa, lakini fikiria maambukizi ya katheta kwanza, mwite daktari, na damu ya kuotesha vijidudu itolewe kabla ya antibiotiki. Wenye kisukari nao wachunguzwe sukari, maana figo zikilala insulini hukaa mwilini muda mrefu na dozi ya zamani inaweza kuwaangusha. Wewe mwenyewe chanja homa ya ini B, chanjo zote tatu.

Maji ya mashine nitayapitia haraka kwa kuwa fundi atawaeleza. Mgonjwa mmoja hupitiwa na lita 120 hivi kwa kikao, zikitenganishwa na damu yake kwa utando mwembamba tu. Klorini ipimwe kila zamu, kwa macho yako, maana ikipita huvunja chembe za damu. Bomba la Baricho linalolisha mji likikauka tukaletewa maji ya boza, uliza yametoka kisima gani na yametiwa nini. Umeme ukikatika na betri isipobeba, pampu ina mkono wa kuzungusha: rudisha damu, isigande kwenye mipira. Jifunze siku ambayo umeme upo.

Kisha kuna wanaotoka mbali. Mtu wa Lamu huvuka kwa boti hadi Mokowe, kisha barabara ndefu ya Witu na Garsen. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yaliikata barabara hiyo, na nilijifunza kumwandalia kila wa mbali karatasi moja ya kukaa nayo: uzito mkavu, dawa, majibu ya karibuni ya homa ya ini na virusi vya Ukimwi, ili kituo chochote kimpokee. Nyuma yake naandika vya kufanya akikwama: vinywaji apunguze, matunda asiguse, na akilegea viungo au pumzi ikimbana aende hospitali ya karibu aseme neno la kwanza kabisa, "mimi ni mtu wa mashine." Namba yake ya simu na ya jirani yake ziwe kwenye daftari la mezani. Ukiona kiti chake kitupu Jumatatu asubuhi, piga saa ile ile. Asipopokea, mpigie jirani.