Anasaidia, Lakini Bado Nachoka

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja: nani afanye nini nyumbani, sasa kwa kuwa mke naye anaamka asubuhi kwenda kazini. Zilizofanana tumeziunganisha, na majina ya waliotuandikia tumeyaacha.

SWALI: Mimi na mume wangu sote tumeajiriwa. Yeye si mvivu. Nikimwambia aoshe vyombo anaosha, nikimwambia amfuate mtoto shuleni anamfuata. Lakini ninayelala hoi kila siku ni mimi, na nikilalamika ananijibu, "Si ungeniambia?" Nashindwa hata kumweleza tatizo ni nini.

JIBU: Tatizo, dada, limo ndani ya jibu lake. "Si ungeniambia" maana yake kujua nini kinatakiwa kufanywa bado ni kazi yako. Yeye anangoja kutumwa.

Mwanasosholojia Allison Daminger alihoji wanandoa nchini Marekani, na mwaka 2019 akaeleza kwamba kazi hii isiyoonekana ina hatua nne: kuona mapema kwamba kitu kitahitajika, kutafuta njia za kukipata, kuamua, kisha kufuatilia mpaka kiishe. Katika kuamua, wengi waliamua pamoja. Kuona mapema na kufuatilia ndiko kulikomwangukia mwanamke zaidi. Chukua viatu vya shule. Kuna mtu aliyegundua kwamba vidole vya mtoto vimeanza kubanwa, akajua saizi, akachagua pa kununua, na wiki iliyofuata akaangalia kama vinamtosha. Baba alikwenda kuvinunua. Yeye anahesabu kwamba kashughulikia viatu, nawe unahesabu hatua tatu alizozikuta tayari. Wote wawili mnasema kweli, ndiyo maana ugomvi hauishi.

Anzeni na karatasi. Ibandikeni mahali mnapopita wote, na kwa siku 7 kila mmoja aandike kila kazi anapoimaliza, pamoja na dakika ilizochukua. Simu ya kuulizia zahanati nayo iandikwe. Pembeni mtie alama mbili: nani alikumbuka na nani alitenda. Wiki hiyo msijadiliane chochote; mkianza kubishana siku ya pili, karatasi itageuka hati ya mashtaka na hakuna atakayeandika ukweli.

Wiki ikiisha, mkabidhi kazi tatu tu, lakini nzima nzima: moja ya kila siku, moja ya kila wiki, na moja ya msimu, kama mambo ya shule au ya kliniki. Nzima maana yake hatua zote nne. Kabla ya kukabidhiana, semeni kazi itahesabika imekwisha ikiwa katika hali gani. "Kufua" pekee hakutoshi. "Nguo zimekauka, zimekunjwa na zimo kabatini kabla ya Jumapili jioni" ni mapatano.

Baada ya hapo, nyamaza kwa wiki 4. Hapa ndipo mipango mingi inapokufa, na mara nyingi anayeiua ni yule aliyechoka. Ukimkumbusha, umeichukua tena kazi ya kukumbuka. Ukikunja upya nguo alizokunja, umemfundisha kwamba kazi yake ni ya majaribio. Wiki mbili za mwanzo mambo yatakwenda kombo, mtoto ataenda shule na soksi zisizofanana, mwache aende. Dawa, moto na usalama wa mtoto ndivyo pekee ambavyo huvingojei.

Jihadharini pia na mgawanyo unaoonekana sawa kwenye karatasi tu. Yeye anachukua kubadilisha taa, kuosha gari na kurekebisha bomba, wewe unachukua chakula cha jioni. Kazi tatu kwa moja! Lakini kupika kwa dakika 60 kila siku ni saa 7 kwa wiki, tena hakuahirishiki, wakati taa ikiungua inaweza kungoja Jumamosi. Hesabuni saa, na mhesabu ni kazi ngapi zinamfunga mtu kwa muda maalumu. Kisha mkae dakika 20 kila wiki kupitia mapatano, mchana, si usiku mkiwa mmeshachoka.

SWALI: Mnaandika kama vile mwanamume na mwanamke hawana tofauti. Tangu dunia iumbwe baba ni mtafutaji na mama ni wa nyumbani. Kwa nini mnataka kuvuruga?

JIBU: Ndugu yetu, huo mpangilio ni mchanga kuliko unavyodhani. Kwa wakulima wa sehemu kubwa ya dunia, mahali pa kazi na nyumbani palikuwa pamoja: mke, mume na watoto walizalisha, na watu wakala walichozalisha wote. Baba kuondoka asubuhi na kurudi na ujira, mama akabaki na kazi isiyolipwa, ni picha iliyoenea pamoja na viwanda katika karne ya 18 na ya 19. Hata wakati huo familia maskini hazikuimudu, maana wanawake na watoto wao nao walikuwa viwandani.

Kazi zenyewe hubadili jinsia. Ukarani wa ofisini ulikuwa wa wanaume katika karne ya 19. Mashine za kuandikia chapa zilipoenea, ukageuka kazi ya wanawake. ENIAC, moja ya kompyuta za mwanzo kabisa, ilitangazwa Marekani mwaka 1946, na walioipangia programu walikuwa wanawake sita, kwa sababu wakati huo kazi hiyo ilionekana ndogo. Ilipoanza kuheshimiwa na kulipa vizuri, wanaume wakajaa. Tofauti za mwili zipo, hatuzikatai: kuzaa na kunyonyesha. Kufua hakumo.

SWALI: Mke wangu alipandishwa cheo na sasa mshahara wake unazidi wangu. Tunachangia nusu kwa nusu kama zamani, mimi nabaki mtupu kila mwezi. Kumwambia naona aibu. Nimeanza kukopa ili nisionekane.

JIBU: Kaka, hilo la kukopa lishughulikie kwanza, wiki hii. Andika madeni yote, kila moja na tarehe yake ya kulipwa, umpelekee mwenyewe kabla hajayagundua. Kipato kidogo wanandoa wengi hukistahimili. Kilichofichwa ndicho kinachovunja, kwa sababu kikishafichuka kila kauli yako nyingine inatiliwa shaka.

Sasa hesabu. Tuseme mapato yenu pamoja ni 100: mkeo 60, wewe 40, na matumizi ya pamoja ni 50. Mkichanga nusu kwa nusu, kila mmoja anatoa 25. Yeye anabakiwa na 35, wewe 15. Mkichanga kwa uwiano wa mapato, yeye anatoa 30 na wewe 20, mnabakiwa na 30 na 20. Njia ya tatu ni kila mmoja kubakiwa sawa: yeye anatoa 35, wewe 15, mfukoni kila mmoja ana 25. Kwa wanandoa wenye watoto sisi tunaipendelea hii ya tatu, hasa pale mmoja alipopunguza saa za kazi kwa ajili ya nyumba, kwa kuwa mshahara mdogo wa mmoja mara nyingi umelipia mshahara mkubwa wa mwenzake.

Fungueni akaunti tatu: ya pamoja, yako na yake. Mchango uhamishwe wenyewe siku ya mshahara, asiwepo wa kuombana. Wekeni kiwango, kwa mfano asilimia 5 ya mapato ya pamoja ya mwezi, ambacho ununuzi ukikizidi hakuna anayenunua bila kumshirikisha mwenzake.

Kuna mtego ambao wengi huuona wakiwa wamechelewa: mmoja analipia vinavyoliwa, mwingine vinavyobaki. Wewe chakula, ada na umeme, yeye mkopo wa nyumba. Baada ya miaka 10 mmoja ana nyumba kwa jina lake, mwingine ana risiti. Zamani aliyebaki na risiti kwa kawaida alikuwa mke; mapato yakipinduka, mtego nao hupinduka. Vyote vipitie akaunti ya pamoja, na hati ziandikwe majina mawili.

Na saa za kazi za nyumbani zitazameni upya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu familia za Marekani ulikuta kwamba mke anayemzidi mumewe kipato mara nyingi huongeza kazi za nyumbani badala ya kuzipunguza, kana kwamba anaomba radhi kwa mshahara wake. Usimwache mkeo alipe faini hiyo.

SWALI: Tunatarajia mtoto wa kwanza. Kila ninayemuuliza ananiambia baba hana kazi mpaka mtoto aanze kutembea. Kweli?

JIBU: Si kweli. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Kunyonyesha ni kwa mama. Kinachotangulia na kinachofuata kinaweza kuwa chako. Chukua zamu ya usiku, tuseme saa 3 hadi saa 8. Mtoto akiamka, mpeleke kwa mama akiwa ameshabadilishwa nepi. Akimaliza, mchukue, mweke begani wima dakika 10 hadi 15 acheue, umlaze chali juu ya godoro gumu lisilo na mto wala mablanketi yaliyolegea. Mama arudi usingizini mara moja badala ya kukaa macho nusu saa nyingine. Kila usiku ukimrudishia nusu saa mara tatu, ni zaidi ya saa 10 za usingizi kwa wiki.

Hesabu ya nepi iwe yako pia. Kuanzia siku ya tano hivi, tarajia zenye mkojo zisizopungua 6 kwa siku. Zikipungua, mwende kliniki. Joto la nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu ni la hospitali papo hapo. Mwangalie na mama. Damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja haingoji asubuhi. Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida. Huzuni inayopita wiki mbili inahitaji daktari, si nasaha za jamaa.

Kunyonyesha kukishatulia, mara nyingi baada ya wiki 3 au 4, mama anaweza kukamua maziwa nawe ukalisha. Katika chumba kisichozidi nyuzi 25 hukaa saa 4, ndani ya friji siku 4. Yapashe kwa kuweka chupa ndani ya maji ya moto kiasi, kamwe si kwenye maikrowevu, kwa sababu hupasha kwa madoa na kumuunguza mtoto mdomo. Yaliyobaki kwenye chupa yamwage ndani ya saa 2.

Likizo ya baba, kama mwajiri wako anayo, iombe kwa maandishi mapema. Ikiruhusiwa kugawanywa, chukua sehemu mtoto anapozaliwa na sehemu mama anaporudi kazini. Hiyo ya pili ina uzito kuliko wengi wanavyofikiri. Uswidi iliwaruhusu wazazi kugawana likizo tangu 1974, lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ilichukuliwa na akina mama. Norway mwaka 1993, na Uswidi mwaka 1995, zilitenga muda wa baba ambao asipoutumia unapotea, na idadi ya akina baba wanaochukua likizo ikapanda ghafla. Mapenzi kwa mtoto yalikuwapo tangu zamani, kilichobadilika ni kwamba bosi hakuweza tena kuuliza, "Kwani mama yake yuko wapi?"

Kosa la kukwepa: mama kukusimamia unapombadilisha mtoto. Muombe atoke chumbani. Nepi ya kwanza itavuja. Ya kumi haitavuja.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 9, namfundisha kufua na kuosha vyombo kama dada yake. Mama mkwe akija analalamika kwamba namharibu mtoto. Nimjibuje bila kumkosea heshima?

JIBU: Usimjibu wewe. Amjibu mumeo, kwa kuwa ni mama yake, na maneno yakitoka kwako yatageuka ugomvi wa mkwe na mkaza mwana. Aseme mapema, kwa upole: "Mama, mimi ndiye niliyesema afue nguo zake." Basi, bila hotuba. Na kauli hiyo haitakuwa na nguvu kama mumeo mwenyewe haonekani akishika ndoo.

Kuhusu mtoto, uko sawa. UNICEF ilikadiria mwaka 2016 kwamba duniani wasichana wa miaka 5 hadi 14 hutumia muda zaidi kwa asilimia 40 kuliko wavulana katika kazi za nyumbani. Muda huo hutolewa kwenye masomo na michezo. Miaka 9 inatosha kuosha vyombo na kufua nguo zake za ndani na soksi. Akifika 12 aweze kupika mlo mmoja rahisi, mtu mzima akiwa karibu na moto. Mwonyeshe mara moja, fanya naye mara mbili, mara ya nne mwangalie bila kugusa.

Mambo matatu huharibu. La kwanza ni kumpa kazi hizo kama adhabu. Atajifunza kwamba kufua ni fedheha. La pili, kumpa yeye za mara moja moja, kama kumwagilia maua, na dada yake za kila siku. Badilishaneni kila Jumatatu, ratiba ibandikwe ukutani. La tatu ni kumshangilia kwa sahani tano wakati dada yake ameosha thelathini na hakuna aliyemtazama. Wasichana huliona hilo haraka sana, hata kama hawasemi.