Utajuaje kama klabu ya jioni inawasaidia watoto?

Mwalimu, umeuliza utajuaje kama klabu yenu ya jioni inainua usomaji na nidhamu. Wapime watoto kabla hawajaanza, la sivyo hutakuwa na cha kulinganisha. Kwa kusoma, fuata njia ya Uwezo, tathmini ya usomaji wa watoto Afrika Mashariki: mtoto mmoja mmoja asome herufi, maneno, aya, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili, andika alipokwama. Nafasi zikiwa chache, wachague kwa kura ya kuokota vikaratasi, kisha uwapime na waliokosa nafasi, uwalinganishe na waliopata. Wanaojiandikisha wenyewe mara nyingi wana wazazi wanaofuatilia, hivyo wangeweza kuendelea vizuri hata bila klabu, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kuhusu tabia, usiandike tu "amebadilika": hesabu utoro, ugomvi, kazi za nyumbani zilizokusanywa. Na tafadhali, walioacha klabu katikati usiwafute kwenye daftari.