Jibu: Simu zimeingia kwenye anwani baada ya kunakili jedwali

Ndugu, umesema ulinakili rekodi kutoka jedwali la wateja kwenda wateja_wapya kwa INSERT (amri ya SQL ya kuingiza rekodi), ikapita bila kosa lolote, ila namba za simu zimetua kwenye safuwima ya anwani. Sababu ni kwamba hukutaja safuwima kwenye amri hiyo. Hifadhidata hailinganishi majina, inafuata mpangilio tu: ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili. Na kwa kuwa simu na anwani zote ni maandishi, hakuna cha kuizuia.

Futa zile rekodi zilizoharibika, kisha andika:

INSERT INTO wateja_wapya (jina, simu, anwani)
SELECT jina, simu, anwani FROM wateja;

Endesha kwanza hiyo SELECT (sehemu inayosoma data) peke yake uone kinachotoka. Halafu anza muamala (kazi inayoweza kutenguliwa) kwa BEGIN, ingiza, hesabu rekodi kwa COUNT(*). Zikilingana na za jedwali la zamani, COMMIT (hifadhi), la sivyo ROLLBACK (tengua). Niliwahi kuruka hatua hii nikakesha nasafisha data, nakusihi usiiruke.

Safuwima ya id (namba ya utambulisho ya kila rekodi) inayojiongeza yenyewe iache nje, jedwali litatoa namba mpya. Lakini kama majedwali mengine yanarejelea id za zamani, zibebe zilivyo. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, ukizibeba, sogeza mfuatano (kihesabu kinachotoa id mpya) kwa setval baadaye, maana haujisogezi wenyewe.