Leza inazaaje mawimbi ya redio?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni fundi wa redio za mawasiliano, nasikia eti siku hizi mawimbi ya maikrowevu yaliyotulia kuliko yote yanatoka kwenye leza na siyo kwenye kwatzi, ile fuwele inayopiga mapigo ndani ya redio. Mwanga na redio vinakutanaje jamani?
Fundi, Morogoro

JIBU: Salama fundi, umenigusa penyewe. Anza na unachokijua: kwatzi yako inacheza megahezi 10, ukitaka gigahezi 10 inabidi uzidishe mara 1,000, na kelele ya fezi, yani ule mtikisiko mdogo wa mapigo ya wimbi kuwahi na kuchelewa, nayo inapanda kwa mraba wa hiyo namba, yani mara milioni moja, desibeli 60 hizo na wewe unajua zinavyouma. Sasa wa leza wanaanzia juu wanashuka. Leza ya maikromita 1.55, hizi hizi za nyaya za faiba, inatetema kama terahezi 193 (terahezi moja ni gigahezi 1,000), ukiigawa mpaka gigahezi 10 umegawa kwa 19,300 na kelele inashuka karibu desibeli 86. Mimi hapo ndo huwa nasisimka!

Ila lazima leza yenyewe itulie kwanza. Wanaifungia kwenye vioo viwili vinavyotazamana, vimeshikwa na glasi maalumu ambayo joto halitanui kirahisi, vyote vimo ndani ya chombo kilichonyonywa hewa.

Kugawa ni kazi ya chanuo cha masafa, kilichowapa John Hall na Theodor Hänsch Nobel ya 2005. Ni leza inayopiga mwanga vipande vipande kwa kasi, ukiupima unakuta rangi zimejipanga kama meno ya chanuo, nafasi sawa. Ukikamata mwanzo wa chanuo, yani pale meno yangeanzia ukiyahesabu kushuka mpaka karibu na sifuri, na jino moja ukalifunga kwenye ile leza iliyotulia, meno yote yanatulia, fotodayodi, kile kifaa kinachogeuza mwanga kuwa umeme, inapokea ile mipigo na kukutolea umeme wa gigahezi. Maabara ya vipimo ya NIST huko Marekani walionyesha hivyo 2011, gigahezi 10.

Terahezi je? Hapo chukua leza mbili. Ushawahi kutyuni gitaa, nyuzi mbili zikikaribiana unasikia sauti inapanda inashuka, wou wou? Hiyo ndo tofauti yao. Leza mbili zikipishana terahezi 1, fotodayodi yenye kasi ya kutosha inatoa hiyo terahezi 1.

Na faida utaiona kwenye rada: mwangwi wa ardhi na majengo ni mkubwa, umebeba kelele ya fezi ya rada yenyewe, kitu kidogo kinachotembea polepole kinamezwa humo humo. Kelele ikishuka, kinaonekana.